Msiri wa Ofisi: Neno "Sekretari" Lilikotoka

Maneno haya niliyasema Arusha, mbele ya makatibu mahsusi wa ofisi mbalimbali, za serikali na za watu binafsi. Wenzangu wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza vicheko tu na kurudishia miaka miwili mitatu niliyoisahau nikiwa nimesimama.

Mgeni rasmi, mwenyekiti, meza kuu, mama zangu, dada zangu, wale kaka zetu wanne ninaowaona upande wa dirisha, na nyinyi mabosi mlioletwa na makatibu wenu na kuketishwa nyuma karibu na jiko: itifaki imezingatiwa.

Hiyo sentensi, "itifaki imezingatiwa", mnajua anayeiandika ni nani. Mgeni rasmi haiandiki. Anaiandika mmoja wenu, aliyekaa ofisini mpaka saa mbili usiku akipanga nani atajwe kabla ya nani, akapiga simu tatu kuuliza kama yule mzee bado ni diwani, halafu asubuhi bosi anatazama karatasi na kusema, "Hii ndefu, fupisha." Ndiyo inakuja itifaki imezingatiwa.

Niliambiwa nizungumzie changamoto za kada yetu. Nikawaambia waandaaji, jamani, changamoto zetu tunazijua kwa majina na kwa namba za simu. Niacheni nizungumze juu ya neno moja tu. Neno lenyewe ni la Kiingereza, *secretary*, ambalo sisi tumelivalisha kanga tukaliita sekretari. Nimekaa nalo mlangoni miaka thelathini na minne, nikastaafu, na nilipostaafu ndipo nilipopata nafasi ya kuuliza lilikotoka.

Nianze na siku moja mwaka 1984. Ofisi ilikuwa hapa hapa Arusha, siitaji. Meza yangu ilikuwa nje ya mlango wa bosi, mashine ya taipu juu yake, mimi nyuma yake. Akaingia mgeni mwenye koti, akatazama kushoto, akatazama kulia, akauliza, "Hakuna mtu hapa?" Nikamwambia, "Nipo, baba. Karibu." Akasema, "Namaanisha mtu."

Sikumjibu. Nilimwandikia jina kwenye kitabu cha wageni, nikampa kiti, nikampa chai. Lakini lile swali nimetembea nalo. Nataka niwaonyeshe kwamba neno lililoandikwa mlangoni mwetu, tangu lilipozaliwa, lilimtaja mtu wa ndani kuliko wote.

Kilatini kina kitenzi *cernere*. Maana yake ni kupepeta, kuchekecha, kutenganisha hiki na kile. Kiwekee *se* mbele, yaani kando, unapata kutenga kando. Kilichopepetwa kikatengwa kando wakakiita *secretum*, na hapo ndipo Waingereza walipopata neno lao *secret*, yaani siri, mpaka leo. Mtu aliyekabidhiwa vilivyotengwa kando akaitwa *secretarius*. Neno likaingia kwenye Kiingereza katika karne ya 14, na mwanzoni halikuwa na habari ya barua wala kalamu. Lilikuwa na maana ya mtu unayemwambia yale usiyoyasema mbele za watu. Kuandika barua kulikuja baadaye, kwa sababu iliyo wazi: barua za mkubwa zimejaa siri, basi aandike nani kama si yule anayezijua tayari?

Ngojeni kidogo hapo kwenye kupepeta. Bibi yangu kule Kibosho alikuwa na ungo wake, mweusi kwa uzee, hakuna aliyeruhusiwa kuushika. Akipepeta maharage anarusha kidogo tu, mkono mmoja unapigapiga ukingo. Makapi yanachukuliwa na upepo. Punje zinarudi katikati. Vijiwe vinateleza vyenyewe mpaka pembeni, na pale pembeni kidole gumba kinavisubiri. Hatazami hata ungo, anaongea na wewe habari za ng'ombe. Sasa mfikirieni dada aliyeko mapokezi saa tatu asubuhi. Simu zinalia, watu sita wamekaa kwenye benchi, wa kwanza ana miadi, wa pili anadai deni, wa tatu ni shemeji wa bosi, wa nne amekuja kuomba msaada wa msiba, wa tano hasemi amekuja kufanya nini, na huyo wa tano ndiye kijiwe. Anawapepeta wote huku anakuuliza umeamkaje. Wale Warumi waliuweka ungo ndani ya neno, na hakuna aliyetuambia.

Sasa Kiswahili. Mwenzetu mmoja aliniuliza, hivi hasa tafsiri yake ni ipi? Tumezoea kusema katibu. Katibu ni neno la Kiarabu, ni mwandishi, limetoka kwenye shina lile lile la kitabu, maktaba, mkutubi, hata katiba. Waislamu mliomo humu mnawajua makatibu wa zamani kuliko wote: wale malaika wawili wanaoandika matendo ya mtu, *kiraaman kaatibiin*, na wale masahaba walioandika wahyi, yaani ufunuo aliopewa Mtume, Zayd bin Thabit akiwa mmoja wao. Ni neno la heshima kubwa. Lakini ni neno la kalamu. Linakuambia mkono unafanya nini, halisemi moyo umebeba nini.

Karani naye ni wa kalamu, amekuja na Bahari ya Hindi kutoka kwa Wahindi, na tumemwacha mahakamani, kwenye sensa na kwenye vituo vya kupigia kura. Huyo nampita.

Lakini tunalo neno jingine, na nikiri kwamba lilinichukua miaka kuliona ingawa nimelisema tangu utotoni. Msiri. Msiri ni mtu unayemwamini ukamwambia siri. "Fulani ni msiri wangu." Tena tunaye mwandani, na ukimtazama vizuri utaona amebeba neno "ndani" mgongoni. Hao wawili ndio *secretarius* wenyewe, herufi kwa herufi. Kwa hiyo Mwingereza aliunganisha kazi mbili katika neno moja, siri na kalamu. Sisi tulizigawa: siri tukampa msiri, kalamu tukampa katibu. Na ofisi zilipokuja, mlangoni akaandikwa mwenye kalamu. Mwenye siri akabaki nyumbani.

Mtaona uzito wa siri hiyo nikiwapa kisa kimoja, na nitakaa nacho kidogo maana ninakipenda.

Alikuwako Malkia Mary wa Scotland. Katibu wake wa barua za Kifaransa alikuwa Mtaliano, David Rizzio, aliyefika pale kama mwanamuziki akapanda mpaka kushika kalamu ya malkia. Mabwana wakubwa wa nchi hawakuvumilia. Huyu mgeni, mpiga muziki, anajua ya malkia kuliko sisi? Usiku wa tarehe 9 Machi 1566 walimvamia akiwa mezani na malkia, katika jumba la Holyrood mjini Edinburgh, malkia mwenyewe ni mjamzito, wakamkokota kutoka chumbani wakamuua kwa visu. Walimwona ni hatari kwa sababu alijua.

Songa mbele miaka ishirini. Mary sasa ni mfungwa Uingereza, chini ya binamu yake Malkia Elizabeth. Anaandikiana na watu wa nje kwa maandishi ya fumbo, na barua zinaingia na kutoka zikiwa zimefichwa ndani ya mapipa ya bia. Anadhani ni njia salama. Kumbe njia yenyewe inaangaliwa na nani? Na sekretari! Francis Walsingham, Katibu wa Elizabeth, cheo chake ndicho hicho hicho, alikuwa na mtu wake anayefungua kila barua, anaifumbua, anainakili, kisha anaifunga ikaendelea na safari. Mwaka 1586 zikapatikana barua zinazomgusa Mary na njama ya kumuua Elizabeth.

Upande wa Mary napo kulikuwa na makatibu wawili, Claude Nau na Gilbert Curle. Malkia akitamka, Nau anaandika kwa Kifaransa, Curle anatafsiri kwa Kiingereza na kuweka kwenye fumbo. Wakakamatwa wote wawili. Wakaonyeshwa maandishi, wakabanwa, wakakiri kwamba ndiyo, maneno ni ya malkia. Kwenye kesi yake Mary alilalamika kwamba makatibu wake hawakuletwa mbele yake waseme uso kwa uso. Hawakuletwa. Tarehe 8 Februari 1587 akakatwa kichwa.

Hesabuni makatibu wa kisa hicho. Mmoja aliuawa kwa kujua, mmoja aliongoza nchi kwa kujua, wawili walisema walichojua na kichwa cha malkia kikaanguka. Halafu mtu anakuja ofisini kwangu na koti lake, anauliza kama kuna mtu.

Basi ilikuwaje neno zito hivyo likaja kuwa jepesi? Nitawaambia ninavyoona mimi, na mwenye maoni tofauti tutakutana kwenye chai.

Kwa karne nyingi katibu alikuwa mwanamume. Hata alipokuwa mtumwa, alikuwa mtu mwenye jina: Tiro, mtumwa wa Cicero, yule mwanasiasa na msemaji wa Roma, ndiye anayehesabiwa baba wa hatimkato, yale maandishi ya alama za mkato ya kuwahi maneno ya msemaji, na bwana wake alimwacha huru mwaka 53 kabla ya Kristo. Halafu ikaja mashine. Kampuni ya Remington ya Marekani, watu wa bunduki na cherehani, ilianza kuuza mashine ya taipu mwaka 1874. Na kwa kuwa walikuwa watu wa cherehani, mashine ile ya kwanza waliichora maua na kuiweka juu ya meza ya cherehani, yenye kanyagio la mguu! Mnaona ilikuwa imeshamwandaa nani akae pale. Mwaka 1881 kule New York wanawake wanane wakaingia darasa la taipu, na baada ya hapo mlango haukufungwa tena. Mabosi waligundua wanawake wanaandika vizuri na wanalipwa kidogo. Siku hizo Waingereza na Wamarekani walitumia neno moja kwa mashine na kwa binti anayeipiga, vyote viwili ni *typewriter*. Ukisema taipureta yako imechelewa kufika, haijulikani unamaanisha chuma au mtoto wa watu.

Nafikiri hapo ndipo lilipovuja. Kazi ikaanza kupimwa kwa vidole. Na sisi tukapokea kipimo hicho kama kilivyo. Tangazo la kazi la Katibu Mahsusi, lile la miaka yetu, mnalijua kwa moyo: awe amehitimu kidato cha nne, awe amefaulu Uhazili, yaani mafunzo ya ukatibu, Hatua ya Tatu, awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika moja, ajue kompyuta. Maneno 80 kwa dakika! Ni mengi, nayaheshimu, nimeyatolea jasho. Lakini nani aliwahi kuniuliza kwenye usaili ni maneno mangapi ninaweza kutoyasema kwa dakika moja?

Uhazili nilisomea Tabora. Wa umri wangu mnakumbuka stensili. Unapiga herufi bila utepe, herufi zinatoboa karatasi ya nta, ukikosea unapaka ile dawa nyekundu kama rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga tena juu yake ukiomba Mungu. Wiki nzima kucha zako zina alama nyekundu na watu kwenye basi wanadhani umejipamba. Kisha nakala zinatolewa kwenye saiklostaili, ile mashine ya kurudufu kwa wino, mikono inakuwa ya fundi gereji.

Lakini nilichojifunza Tabora kikanisaidia kuliko kasi kilikuwa kitu kidogo kuhusu karatasi ya kaboni, ile nyeusi tuliyoweka katikati ya karatasi mbili ili kupata nakala. Mwalimu wetu alichukua kaboni mpya, akamwambia mwenzetu apige barua moja ya mistari minne, akaitoa ile kaboni, akaiinua dirishani kwenye jua. Darasa zima tukaisoma barua. Kila neno, hadi koma. Akasema, "Mmefunga faili, mmefunga kabati, mmeweka ufunguo kwenye sidiria. Na barua iko kwenye ndoo ya taka." Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo, kazi yoyote iliyotoka masijala ya siri, kaboni yake niliichana vipande na kuichoma mwenyewe nyuma ya jengo. Walinzi walidhani nachoma mahindi.

Huyo mwalimu alikuwa akifundisha *secretarius* wa Kirumi, ingawa kwenye ratiba imeandikwa "Upigaji Chapa".

Wakati sisi tunahesabu maneno kwa dakika, upande wa pili neno lile lile lilikuwa linapanda ngazi. Waingereza wana Katibu wa Dola wa jambo hili na lile, ambao sisi tungewaita mawaziri. Wamarekani nao: yule wanayemwita *Secretary of State*, redio zetu zinamwita Waziri wa Mambo ya Nje, na ziko sahihi. Hapa Arusha penyewe katibu ni mtu mkubwa kweli. Jumuiya ya Afrika Mashariki makao yake yako pale barabarani, na mkuu wa watumishi wake ni Katibu Mkuu. Mkoa una Katibu Tawala. Wizara ina Katibu Mkuu, na juu yao wote yuko Katibu Mkuu Kiongozi, ambaye ndiye katibu wa Baraza la Mawaziri. Yaani yule anayejua kilichosemwa mle ndani. Mnaona siri inavyorudi?

Warusi waliliona hili kwa machungu. Mwaka 1922 chama chao kilimpa Stalin cheo cha Katibu Mkuu. Wenzake wenye midomo mikubwa hawakugombania, waliona ni kazi ya makaratasi: orodha za wanachama, nani apelekwe wapi, ajenda ya kikao. Walipokuja kushtuka, mwenye orodha ndiye mwenye nchi. Simsifu hata kidogo, msije mkaninukuu vibaya. Ninasema tu kwamba makaratasi hayajawahi kuwa makaratasi tu.

Mwaka 2007 Dokta Asha-Rose Migiro alipoteuliwa kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mama mkwe wangu alisikia kwenye redio. Akaniita. "Mwanangu, huyu mama naye ni sekretari kama wewe?" Nikasema, ndiyo mama, ni katibu. Akafikiri. "Naye anachemsha chai?" Nikamwambia hapana mama, huyo anachemshiwa. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi wewe umesoma nusu."

Nilicheka siku ile. Siku hizi nikikumbuka nacheka kidogo zaidi.

Wamarekani wao walichoka, wakaamua kulikimbia neno. Walikuwa na Wiki ya Makatibu tangu mwaka 1952, kadi na maua kila mwaka. Mwaka 2000 wakaibadilisha jina, ikawa ya "wataalamu wa utawala". Naelewa kwa nini. Ukiitwa jina kwa dharau muda mrefu, unatamani jina jipya. Na sisi tumebadilishwabadilishwa: mpiga chapa, mhazili, katibu muhtasi, katibu mahsusi. Hapo kwenye muhtasi na mahsusi niseme kitu, maana kuna barua bado zinakuja zimeandikwa "Katibu Muhtasari". Jamani! Muhtasari ni ule wa kikao, ni kufupisha. Muhtasi na mahsusi ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, maana yake ni wa pekee, aliyetengwa kwa ajili ya jambo fulani. Aliyetengwa. Tumezunguka Uarabuni tukatokea pale pale kwa Warumi, kando, kwenye ungo. Kwa hiyo mimi cheo hicho cha mahsusi nakipenda, ila msinifanye ufupisho.

Kabla sijasahau, yuko ndege. Ukitoka hapa kuelekea Makuyuni, ukibahatika, unamwona kwenye nyasi anatembea kwa miguu mirefu kama amevaa kaptula nyeusi, manyoya yamechomoza kisogoni. Waingereza wanamwita ndege sekretari, na wengi husema ni kwa sababu manyoya yale yanafanana na kalamu za unyoya walizochomeka makarani wa zamani nyuma ya sikio. Wengine wanasema Waholanzi wa kule Rasi ya Tumaini Mema, Afrika Kusini, walimwita *sagittarius*, mpiga mishale, watu wakalisikia vibaya. Sisi tunamwita karani tamba, na kutamba anatamba kweli. Anaua nyoka kwa teke. Watafiti walilipima teke lake wakakuta lina nguvu mara tano ya uzito wake mwenyewe, na mguu unagusa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Nilitaka tu mjue kwamba mwenye jina letu hapigi kelele, anapiga nyoka.

Sasa nirudi kwangu, maana nimewapeleka mbali.

Mimi ukatibu niliuanza nikiwa na miaka kumi, sina cheti. Jirani yetu pale Kibosho, mume wake alikuwa amekwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Yule mama hakujua kuandika. Akaja kwa mama yangu kumwomba mtoto, yaani mimi, kwa jioni moja. Tukakaa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mimi juu ya kinu kilicholazwa, daftari la hesabu magotini. Alinong'ona. Mbuzi walikuwa na sauti kuliko yeye. Nikaandika salamu, habari za mvua, habari za kahawa, kisha akanyamaza muda mrefu, kisha akasema sentensi mbili. Nikaziandika. Akaniambia, nisomee. Nikamsomea yote. Zile sentensi mbili akasema, kata ya kwanza, iache ya pili. Nikakata. Akasema, kata zaidi, isisomeke. Nikakata mpaka karatasi ikatoboka.

Akanipa ndizi mbivu mbili. Akasema, "Ukimaliza kuandika, sahau."

Jioni mama yangu aliniuliza, wala hakuwa na nia mbaya, ilikuwa ni mazungumzo ya jikoni tu: "Amekuandikisha nini?" Nikasema, "Salamu." Mama akanitazama kidogo, akaendelea kukoroga. Hakuniuliza tena. Niliandika barua za yule mama miaka mitatu. Wote wawili wameshatangulia mbele za haki, yeye na mumewe, na watoto wao wako mjini hapa, mmoja wenu huenda anamjua. Mkitaka kuniuliza kwenye chai ile sentensi iliyokatwa ilikuwa inasemaje, mtanywa chai mpaka iishe.

Ninawasimulia hivi kwa sababu ya jambo moja linalonisumbua. Vijana mnanionyesha programu mpya. Unaweka simu katikati ya meza, kikao kinaendelea, na kabla watu hawajavaa makoti muhtasari umeshatoka, umepangwa, una ajenda na maazimio. Nimeiona ikifanya kazi kwenye kamati ya harusi ya mpwa wangu. Katibu wa kamati alikuwa anakula karanga. Ilikosea jina la mweka hazina na ikaandika "ng'ombe watatu" badala ya wawili, lakini ni kweli, inaandika. Maneno 80 kwa dakika kwake ni usingizi.

Sina ugomvi nayo. Ni kalamu, na kalamu imebadilika mara nyingi: unyoya, taipu, kompyuta, sasa hii. Swali langu ni lile la kaboni. Yale maneno yote ya kikao, pamoja na yale mwenyekiti aliyosema "hili msiandike", yanakwenda kukaa wapi? Kwenye mashine ya nani, nchi gani, na ni nani anayeweza kuiinua dirishani kwenye jua akaisoma? Kwenye kamati ya harusi mtaniambia ng'ombe si siri. Je, kikao cha nidhamu? Faili la mgonjwa? Bei ya zabuni kabla haijafunguliwa? Barua ya mtu anayeachishwa kazi Jumatatu, na leo ni Ijumaa, na yeye yuko nje hapo anakusalimia?

Hiyo ya Ijumaa iliwahi kunikuta. Dereva, jirani yangu, tulipanda daladala moja kurudi nyumbani. Barua yake niliipiga saa tisa alasiri. Njia nzima ananiambia mipango ya kuezeka. Nikamsikiliza mpaka kituoni. Sikuwa na haki ya kumwambia, na sikuwa na moyo wa kumwambia "hongera". Nikasema, "Bati zimepanda bei, baba fulani, labda subiri kidogo." Mpaka leo sijui kama nilikosea kwa kusema hata hilo.

Hakuna programu itakayokaa kwenye kiti cha daladala ile. Na hakuna mtihani wa uhazili ulioniandaa kwa ajili yake, isipokuwa yule mama wa kwenye migomba.

Kwa hiyo ninachowaomba waandaaji ni hiki, na nimeshawanong'oneza: mwakani, pamoja na somo la kompyuta, wekeni saa mbili za kuzungumza juu ya siri. Nini kinachomwa, nini kinafungwa, simu ya mkononi ya ofisi na ya nyumbani zitengane vipi, bosi akikutumia barua ya siri kwenye WhatsApp yako usiku, uifanyeje. Na bosi akikuagiza ufiche wizi, hiyo ni siri au ni kitu kingine? Mimi kwangu hilo ni kitu kingine, lina jina lake, lakini najua humu kuna watu limewakuta na hawakulala. Tulizungumze tukiwa wengi.

Nasikia harufu ya tangawizi, kwa hiyo muda wangu umekwisha. Mabosi wa kule nyuma, makubaliano yetu mnayakumbuka: leo chupa ziko upande wenu. Vikombe viko kwenye beseni la bluu, maandazi yamefunikwa. Huyu dada aliyekaa mbele hapa hatumii sukari, amefanya kazi ofisini kwenu miaka kumi na mmoja, sijui nani kati yenu analijua hilo. Mimi nipeni vijiko viwili, na msijaze sana, mkono unatetemeka.